Kumjenga Mhudumu Badala ya Kumchambua: Mwongozo kwa Muumini wa Kawaida

Ibada nyingi huchambuliwa kabla chakula cha mchana hakijaiva. Kwaya ilishuka sauti, mhubiri alizunguka mno, matangazo yalikula muda, yule dada wa sifa anajisikia siku hizi. Anayesemwa hayupo, yuko kwake anavua viatu, hajui lolote. Waliopo ni watoto, na wanasikia yote. Kosa lenyewe halijarekebika hata kidogo, ila Jumapili ijayo wataingia kanisani watu watatu au wanne wapya waliojifunza kukaa mkao wa kutoa maksi.

Hatusemi mtu afumbe macho. Mwenye masikio atasikia teno, sauti ya juu ya wanaume kwenye kwaya, ikishuka, na aliyeisoma Biblia atagundua mstari ulionukuliwa kombo. Kazi ni kujua ulichokiona ukipeleke kwa nani, lini, kwa maneno gani, na kipi ukiache kipite.

Pima kwanza ulichokiona

Katika 1 Wathesalonike 5:14 Paulo anataja watu wa namna mbalimbali na kila mmoja anampa chake: wasiokaa kwa utaratibu waonywe, walio dhaifu watiwe moyo, wanyonge watiwe nguvu, wote wavumiliwe. Maumivu mengi kanisani hutokana na kuchanganya hao. Msichana aliyesoma somo la kwanza huku karatasi inatetemeka mkononi anaonywa kana kwamba alikataa kujiandaa. Mzee anayechelewa vikao makusudi anabembelezwa kana kwamba ni mnyonge.

Kwa hiyo kabla hujafungua mdomo, liweke jambo mahali pake. Je, ni kosa, yaani neno lisilo kweli, ahadi iliyovunjwa, fedha isiyoeleweka? Ni udhaifu wa anayejifunza? Ni mpangilio mbovu? Maiki inayopiga mluzi, kwa mfano, mara nyingi ni kwa sababu spika imeelekezwa kwenye maiki, au mwimbaji amesogea mbele ya spika. Fundi mitambo anatazamwa na kanisa zima kwa jambo linaloisha kwa kusogeza stendi hatua mbili. Au ni upendeleo wako tu? Pambio likirudiwa mara nane, wengine wanachoka na wengine ndipo wanaanza kuomba. Hapo hakuna aliyekosa.

Jaribu hivi kwa Jumapili mbili: kila kinachokuudhi kiandike kwenye daftari, bila kumwambia mtu, kisha Jumatatu jioni pitia na uandike pembeni ni kosa, udhaifu, mpangilio au upendeleo. Usishangae ukikuta upendeleo ndio umejaa ukurasa. Hayo yafute. Udhaifu unahitaji kutiwa moyo, mpangilio unahitaji mtu wa kusogeza stendi, na kosa peke yake ndilo linalohitaji mazungumzo.

Neno la kutia moyo linavyotengenezwa

Watu wengi wanadhani wanatia moyo, kumbe wanasalimia. "Ubarikiwe mtumishi, umehubiri vizuri" ni salamu. Haidhuru, lakini haibebi kitu, na mhubiri amesikia maneno hayohayo Jumapili aliyohubiri vibaya.

Soma Warumi 16 uone Paulo anavyofanya. Hasemi tu "wasalimuni wote". Fibi amewasaidia wengi, na Paulo mwenyewe akiwamo. Prisila na Akila walihatarisha shingo zao kwa ajili yake. Mariamu alijitaabisha sana kwa ajili ya kanisa la Rumi. Mama yake Rufo amekuwa mama kwa Paulo pia. Jina, kisha tendo. Barua ilisomwa mbele ya watu, na kila mmoja akasikia ni kitu gani hasa kilichoonekana.

Neno zuri lina sehemu mbili, na sentensi mbili au tatu zinatosha: alichofanya, na kilichotokea kwa sababu hiyo. Kwa mwalimu wa watoto:

"Mama Neema, shikamoo. Leo nilipita dirishani nikakuona umechuchumaa mpaka usawa wa yule mtoto mgeni aliyekuwa analia. Alipotoka nje alikuwa anaimba. Asante."

Hakuna "sana sana", hakuna "hujawahi kutokea". Mama Neema akisoma ujumbe huo anajua kitu cha kurudia Jumapili ijayo: kuchuchumaa. Sifa ya jumla haimfundishi mtu kitu. Hajui alipatia wapi.

Kuna mambo manne yanayoharibu ujumbe wa namna hii. La kwanza ni "lakini" inayofuata nyuma. Ukimwambia mtu "uliimba vizuri lakini", akifika nyumbani atakumbuka kilichokuja baada ya lakini. La pili ni kulinganisha: "Leo umempita hata mchungaji." Umemsifu mmoja kwa kumpiga mwingine, na maneno hayo yatamfikia mchungaji kabla ya Jumatano. La tatu ni sindano iliyofichwa kwenye pongezi: "Kumbe ukijiandaa unaweza!" La nne ni kuombea kitu hapohapo. Ukimsifu mhasibu wa kanisa kisha ukamwomba akusogezee malipo yako, sifa imekwisha kazi. Mithali 29:5 inasema anayejipendekeza kwa jirani yake anatandika wavu kwenye miguu yake, na watu wanaujua wavu huo hata kama hawajausoma.

Wakati nao una maana. Mlangoni baada ya ibada, foleni ya kushikana mikono ikiwa ndefu, mhubiri hasikii kitu, anatazama anayefuata. Tuma ujumbe Jumatatu jioni au Jumanne, wakati shangwe ya Jumapili imeshapoa naye amebaki na mashaka yake. Ukitumia sauti ya WhatsApp, nusu dakika inatosha. Dakika nne za kumsifu mtu zinamchosha. Mithali 27:14 inaongeza onyo la kuchekesha kidogo: anayembariki rafiki yake kwa sauti kuu alfajiri na mapema, itahesabiwa kuwa ni laana. Kwa hiyo saa kumi na moja asubuhi mwache alale.

Halafu angalia nani hasemwi kabisa. Mhubiri na waimbaji wanapata maneno. Anayefagia Jumamosi, anayepanga viti, akina mama wanaofua vitambaa vya madhabahu, kijana anayeelekeza magari, wanaobaki kuhesabu sadaka wakati wengine wanakwenda kula: hao husikia jina lao tu kitu kikiharibika. Fundi mitambo ndiye mfano mkubwa. Miezi sita sauti ikiwa safi, hakuna anayemtazama. Ikikoroma dakika moja, shingo zote zinageuka nyuma. Ukitaka mahali pa kuanzia, anza na yeye.

Ikibidi kurekebisha

Mfano bora uko Matendo 18:24-26. Apolo amefika Efeso, msemaji hodari, ana bidii, anafundisha sinagogini. Tatizo moja: anajua ubatizo wa Yohana tu. Prisila na Akila wanamsikia. Hawakusimama kumkatiza, wala hawakwenda kuwaambia watu "mmesikia alivyosema?" Wakamchukua kwao, wakamweleza njia ya Bwana kwa usahihi zaidi. Mstari unaofuata ndio wengi wanauruka: Apolo alipotaka kwenda Akaya, ndugu wakamtia moyo na kuwaandikia wanafunzi wa huko wampokee. Aliyerekebishwa alipewa barua ya kumtambulisha, wala hakuwekwa benchi.

Ukiifuata njia hiyo, siku ya ibada yenyewe unanyamaza. Mtu aliyetoka kuhubiri bado moto unawaka, ukimgusa anajitetea. Ngoja siku mbili au tatu, isipokuwa atahubiri tena kesho. Mtafute mwenyewe, ana kwa ana, mahali ambapo hamsikiki. Mathayo 18:15 inahusu ndugu aliyekukosea, lakini utaratibu wake unafaa hapa pia: wewe na yeye peke yenu. Chukua jambo moja tu. Ukiwa na matano, chagua lile ambalo likirekebishwa mengine yatafuata, manne yabaki nyumbani.

Anza kwa swali la kweli, yaani ambalo jibu lake hulijui. Tuseme kijana amepewa dakika ishirini akatumia hamsini na tano:

"Bwana Yesu asifiwe, ndugu yangu. Lile somo la Jumapili, wewe ulitaka watu waondoke na neno gani moja?"

"Amina, kaka. Nilitaka waone kwamba Mungu hakumwacha Yusufu gerezani."

"Hilo nililipata, na pale uliposema mnyweshaji alimsahau, watu waliinamisha vichwa. Mimi naona ungeishia pale. Baada ya hapo ulirudi kwa Ibrahimu, nikapotea. Ukipangiwa tena, nikae mbele nikuonyeshe saa zikibaki dakika tano?"

Tazama kilichomo. Amesikilizwa kwanza. Ameambiwa mahali halisi alipopatia. Ameambiwa mahali halisi alipopotea, kwa "nilipotea" na si "uliboa". Na amepewa msaada ambao aliyeshauri atautoa kwa mwili wake mwenyewe, kiti cha mbele. Kanuni ngumu lakini ya haki: usikosoe kazi ambayo hauko tayari kushika upande mmoja wake.

Kwenye kwaya mara nyingi hata mazungumzo hayahitajiki. Teno anayeshusha sauti huenda amekaa jirani na besi mwenye sauti nzito, anavutwa bila kujua. Mwalimu wa kwaya akimhamishia katikati ya wawili wanaoishika sauti yao sawasawa, mambo hubadilika mazoezi yaleyale. Wakati mwingine wimbo umeanzishwa juu mno, pumzi zinaisha kabla ya mwisho wa mstari. Shusha nusu toni au toni nzima kabla hujamlaumu mtu. Au wameshika maneno na hawajashika solfa, yaani do, re, mi za wimbo. Rudini kuimba solfa peke yake, sauti moja moja. Ukimwita mtu jina mbele ya wenzake, "Wewe, unatuharibia," atafunga koo, na koo lililofungwa huimba vibaya zaidi. Hata kiufundi, kukaripia hakufai.

Nyumbani nako ni hivyo. Mtoto amesimama Krismasi kusema shairi, amesahau mstari wa tatu, kanisa limecheka kidogo. Kwenye gari au njiani usianze na mstari wa tatu. Anaujua. Mwambie: "Ulisahau, ukasimama palepale, ukaendelea mpaka mwisho." Wakolosai 3:21 inawaambia akina baba wasiwachokoze watoto wao, wasije wakakata tamaa. Mwaka ujao ataombwa tena, na atakubali au atakataa kwa sababu ya mlichosema njiani.

Aliyekuzidi umri au cheo

Kijana hawezi kumwendea mzee wa kanisa kama anavyomwendea rika lake, na asijaribu. Njia zipo mbili. Ya kwanza, nenda kama anayeuliza: "Shikamoo, mzee. Nilitaka nijifunze kwako, hivi ile Zaburi tuliyosoma Jumapili inaeleweka vipi?" Wazee wengi wana akili ya kusikia swali lililo ndani ya swali. Ya pili, pitia kwa mtu wa rika lake anayemheshimu, umweleze jambo lenyewe bila chumvi, kisha uondoke. Usirudi kila wiki kuuliza kama amesema.

Kwa mchungaji, kumbuka anasikia malalamiko kutoka pande zote, na mengi hayana jina: "Watu wanasema." Usiwe "watu". Kama una neno, liwe na jina lako. Kama huwezi kuliwekea jina, pengine halistahili kumfikia.

Mahali ambapo kutia moyo peke yake ni kosa

Barnaba ndiye mfano wa wote wanaotaka kutia moyo. Jina lake hasa ni Yusufu. Mitume ndio waliomwita Barnaba, Mwana wa faraja (Matendo 4:36). Sauli, ndiye Paulo, alipofika Yerusalemu na kila mtu akamwogopa, Barnaba alimchukua akampeleka kwa mitume. Kazi ya Antiokia ilipokua, alikwenda Tarso kumtafuta Sauli huyohuyo.

Lakini soma pia Wagalatia 2:11-14. Petro anajitenga na waumini wa mataifa mezani kwa kuogopa watu, Wayahudi wengine wanamfuata, na Paulo anaandika kwamba hata Barnaba alichukuliwa na unafiki wao. Huo ndio mtego wa mtu mpole: hataki kumuudhi yeyote, mwisho anakaa kimya penye dhuluma. Paulo alimkemea Petro mbele ya wote, kwa sababu kosa lilifanyika mbele ya wote na lilikuwa linaumiza watu.

Kwa hiyo fedha ya sadaka isiyo na risiti haihitaji ujumbe mtamu wa Jumanne. Inahitaji kikao, maandishi na mashahidi; 1 Timotheo 5:19 inataka mashahidi wawili au watatu kabla ya kupokea mashtaka juu ya mzee, na mstari wa 20 unataka wanaodumu katika dhambi wakemewe mbele ya wote. Na mtoto akiumizwa au mtu akinyanyaswa, toa taarifa polisi au ustawi wa jamii mapema iwezekanavyo. Usimwendee mshtakiwa "wewe na yeye peke yenu". Utampa nafasi ya kuficha na kumtisha aliyeumizwa. Anayekuambia "tusimseme mtumishi wa Bwana" katika jambo kama hilo anatumia maneno matakatifu vibaya.

Barua kwa makanisa saba katika Ufunuo 2 na 3 zinasaidia kupima. Efeso inasifiwa kwa taabu na subira yake kwa maneno marefu, ndipo linakuja "lakini nina neno juu yako". Smirna na Filadelfia hazina lakini yoyote. Kuna siku sifa inatakiwa kusimama peke yake. Laodikia haina sifa hata moja, na bado mwisho wake kuna "wote niwapendao, mimi nawakemea".

Kundi la WhatsApp na meza ya chakula

Kwenye kundi la kwaya au la jumuiya, pongeza. Usirekebishe, hata kwa utani, hata kwa emoji ya kucheka. Kipande cha video ambacho mtu amekosea usikisambaze "ili tujifunze". Na jihadhari na ombi la maombi lenye umbea ndani: "Tumwombee dada fulani, ndoa yake haiko sawa." Kama unamwombea, Mungu ameshasikia, kundi la watu mia mbili halihitaji maelezo.

Mwingine akianza kumchambua mtu, usimhubirie. Uliza tu: "Umeshamwambia mwenyewe?" Akisema hapana: "Basi mpigie leo, ana moyo wa kusikia." Waefeso 4:29 inataka lisemwe lililo jema la kumfaa mwenye kuhitaji, liwape neema wanaosikia. Nusu ya mwisho ya aya hiyo inawahusu waliokaa mezani.

Unapoanza, na watu wanakujua kwa ukali

Usitegemee kupokelewa vizuri. Umemkosoa mtu miaka mitano, leo unamsifu, atakuuliza, "Kuna nini leo?" au atangoja lakini yako. Usijieleze. Sema neno lako, ondoka. Fanya hivyo kila juma kwa mtu mmoja tofauti, miezi miwili au mitatu, ndipo wataanza kukuamini. Kama kuna mtu ulimsema vibaya mbele ya wengine, msamaha kwake hautoshi. Warudie pia wale waliokusikia.

Aliyefiwa au aliyevunjika moyo kabisa asipewe maelezo. Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila neno, na hapo walikuwa wafariji wazuri. Walipofungua midomo ndipo akawaita wafariji wenye kutaabisha.

Na aliyeshindwa hadharani? Yohana Marko aliwaacha Paulo na Barnaba safarini Pamfilia, Paulo akakataa kumchukua tena, Barnaba akamchukua kwenda Kipro (Matendo 15:37-39). Baadaye Paulo huyohuyo anaandika aletewe Marko, "maana anifaa kwa utumishi" (2 Timotheo 4:11). Barnaba alimpa safari ya pili. Kanisani kwako safari ya pili ni jina kwenye ratiba: mpangie yule kijana wa dakika hamsini na tano zamu nyingine ndani ya miezi miwili, kabla hofu haijakomaa. Mpe andiko moja, muda wa dakika kumi na tano, na jina la atakayekaa naye Alhamisi kupitia somo. Kisha bandika ratiba kwenye ubao wa matangazo, jina lake likiwa limeandikwa kama ya wengine.